Mlingoti Aliyezaliwa Kwanza

Jumanne ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi, Liz alikuwa amechuchumaa uani kwa mama yake huko Rangwe, akipima ardhi kwa tepu ya mita thelathini. Ncha moja aliishika yeye. Ya pili ilishikwa na fundi Onyango, mtu wa Migori, mrefu, mwenye mdomo usiojua likizo, ambaye mkono wake mwingine ulikuwa umejaa njugu karanga. Kuku wa Mama Filister walikuwa wakikanyaga tepu bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mita kumi na nne kutoka langoni," Liz akasema. "Tunachimba hapa."

"Hapa hapa? Una uhakika, injinia?"

"Ndipo mawimbi yanapopita. Migori iko kule, Homa Bay iko kule. Ukisogea upande ule, mikaratusi ya jirani inaziba."

Onyango alimeza njugu zake. "Sikuuliza habari za mikaratusi," akasema. Halafu akachukua sururu akachimba, maana mwenye shahada hakuwa yeye.

Liz alikuwa mwaka wa pili wa uzamili katika mawasiliano ya simu na kompyuta. Utafiti ulikuwa wa msimamizi wake, Daktari Nyabuto, aliyetaka kuonyesha kwamba netiwaki isiyo na nyaya inaweza kuruka kutoka Migori hadi Homa Bay kwa milingoti michache tu na sola, ili vituo vya afya vya kando ya ziwa vitume picha za wagonjwa kwa madaktari wa mbali. Katikati ya safari hiyo palihitajika mahali palipoinuka. Liz akainua mkono darasani: kwetu pameinuka. Mama Filister akaweka dole gumba kwenye fomu ya idhini, kurasa sita za Kiingereza, akamuuliza bintiye kama kidole kimoja kinatosha.

Mlingoti ulisimama siku ya Ijumaa, mita kumi na mbili, ukishikiliwa na waya. Chini yake Onyango alijenga kibanda cha mitambo. Michoro ya chuo ilisema "sanduku la kinga", lakini Onyango maisha yake yote alikuwa amejenga nyumba, na mkono ukizoea umezoea. Akakipa paa la mabati la migongo miwili, mlango unaotazama nyumba ya Mama, na kidirisha cha kuvutia hewa. Kanuni za mradi zilisema betri mpya zisiachwe bila mlinzi siku ya kwanza, kwa hiyo akatandika godoro humo akalala. Asubuhi akatoka, akajinyoosha, akaomba chai. Mama akampa.

Sasa, kwa asiyejua: katika boma la Mjaluo, ukitoka mlangoni kwa mama, mkono wako wa kuume karibu na lango ni mahali pa nyumba ya mwana wa kwanza. Nyumba hiyo huitwa simba, na haijawahi kumng'ata mtu. Haihesabiwi kuwa nyumba mpaka iezekwe na mwanamume alale ndani. Anayetangulia kuezekewa pale ndiye mkubwa wa boma. Liz aliyajua haya yote, kwa namna anavyojua majina ya maziwa ya Afrika: alifanya mtihani, akapita, akayaacha huko huko.

Mwana wa kwanza wa boma hilo, kabla ya Ijumaa ile, alikuwa Jeff. Alikuwa na miaka ishirini na minane na aliuza simu dukani kwa Abdihakim, Migori mjini. Simba yake alikuwa anaijenga kila Disemba kwa mdomo. Alipokuja akakuta kibanda, alicheka.

"Liz, umenipokonya kiwanja?"

"Ni sanduku tu la kinga."

"Lina kofuli kubwa kuliko nyumba zote nilizowahi kulala. Acha likae. Nitajenga nyuma yake."

Kibanda kilianza vituko vyake polepole. Kila asubuhi saa kumi na mbili mlango wake ulifunguka, ukakaa wazi dakika tano, ukajifunga. Onyango alibadilisha kofuli mara mbili, kisha akaona ni kuharibu kofuli. Mama alipopika jioni, chaji ya betri ilipanda ingawa jua lilikuwa limezama, na alipopika samaki ilipanda zaidi. Liz aliandika hayo kwenye daftari, safu ya tatu. Wiki ya kwanza ya Disemba kibanda kilikohoa. Onyango akatia bawaba mafuta. Kikakohoa tena, na Mama akasema ni vumbi la barabarani, apelekewe maji. Karibu na Krismasi Liz alipima mlingoti akapata mita kumi na mbili na nukta nne. Daktari Nyabuto aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: hitilafu ya kupima.

Halafu ikaja zamu ya Jeff.

Siku ya Boxing Day alikuwa ameketi mezani kwa mama yake, simu mkononi, na Liz akampigia akiwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, kumjaribu tu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa," sauti ikamwambia.

"Umezima?"

"Iko hapa, mistari minne." Jeff akamwonyesha. Aliendelea kusema kitu kingine, midomo ikicheza, lakini kilichofika ni "...ani... lete chu...", na Mama akampitishia ugali badala ya chumvi.

Mwezi wa kwanza ukiwa katikati, Abdihakim alimpigia Liz kutoka dukani. Alikuwa mtu mwenye adabu, hakupenda kulalamika.

"Dada, habari ya nyumbani. Ni kuhusu huyu ndugu yako. Nimemwambia auze akiwa amesimama mlangoni."

"Kwa nini?"

"Akikaa ndani wateja wanaingia, wananiuliza mimi, yeye anawajibu, wao wananiuliza tena. Jana mzee mmoja alimkalia. Walahi, alimkalia, akafungua gazeti. Jeff si mvivu, mimi sisemi hivyo. Ila hafiki vizuri."

Liz alipanda gari asubuhi iliyofuata akaenda kumchukua. Alimkuta mlangoni pa duka, na alimwona jinsi picha inavyofunguka penye netiwaki mbaya: kwanza shati, kisha mikono, na uso baadaye. Mwanamke mmoja alikuwa ametundika mfuko wake wa mboga begani mwa Jeff ili ahesabu chenji. Jeff alitulia asiuangushe.

Alirudi naye Rangwe, akatoa kifaa cha kupimia mawimbi, kwa kuwa ndicho alichofundishwa kufanya jambo likimshinda. Chini ya mlingoti Jeff alikuwa kamili, hadi kovu la kidevuni. Sokoni Rangwe alibaki nusu. Walipofika barabara kuu ya Homa Bay, Liz alizungumza naye muda mrefu kabla ya kugundua kwamba alikuwa anazungumza na nguzo ya umeme, na Jeff yuko upande wa pili akimpungia. Alipima tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku alipungua kiasi kile kile. Liz alichora mstari kwenye kompyuta, akauvuta mbele kuona utagusa sifuri lini. Ulisema tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu. Mstari ulikuwa mzuri, nukta zote zimekaa juu yake. Katika masomo yake yote hakuwahi kupata mstari mzuri vile. Aliufunga, akaenda jikoni kwa Mama.

"Hiyo ni chira," Mama alisema alipoelezwa, akichambua dagaa. Alilitaja pigo hilo la mwiko uliovunjwa kama mtu anayesema ni malaria. "Mdogo ametangulia mkubwa. Anayerukwa hunyauka. Babu yenu mdogo alinyauka kwa mwaka mzima, tukawa tunamfunga kengele."

"Dawa yake?"

"Waezue lile paa walitoe nje ya lango. Jeff ajenge, alale. Lakini iwe kabla ya kupanda. Mwana wa kwanza akishatia mbegu yake shambani, imekwisha, huwezi tena kumwambia wewe si wa kwanza."

Mvua za kupanda hufika wiki ya tatu ya mwezi wa tatu. Liz hakuhitaji kuangalia kompyuta.

Ofisi ya Daktari Nyabuto, Migori, ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Liz kiti chenye mto, akasikiliza mpaka mwisho, akatazama grafu kwa muda.

"Hii kazi ni safi sana," akasema.

"Ni kaka yangu, Daktari."

"Naelewa. Mimi ni mtu wa Kisii, kwetu pia kuna mambo." Alivua miwani. "Lakini tukihamisha kibanda, data ya miezi mitatu inakatika, na mkutano ni mwezi wa saba. Na mama yako aliweka dole. Idhini ni ya miaka mitatu."

"Hakuelezwa kuhusu hili."

"Nani alimweleza?"

Liz akaikunja grafu. Ni yeye aliyemweleza, kwa Kijaluo, kwa dakika mbili, chai ikipoa.

"Peleka kwa kamati ya maadili," Daktari akasema kwa upole. "Kuna fomu ya madhara kwa wahusika."

Fomu ilikuwa na visanduku: maumivu, aibu, hasara, usumbufu mdogo. Liz aliandika barua ya kurasa mbili, akaambatanisha grafu. Kamati ilijibu siku tatu baadaye, jambo ambalo wenzake walisema halijawahi kutokea. Ilimshukuru. Ilisema suala lake limewekwa chini ya usumbufu mdogo, na kwamba kikao kijacho ni mwezi wa sita.

Kwa hiyo Jumamosi moja alasiri, tarehe nane ya mwezi wa tatu, Liz alipanda juu ya paa la kibanda na nyundo ya makucha. Onyango alishika ngazi. Jeff alisimama chini na mkebe wa kutilia misumari itakayong'olewa. Siku hizo hata pale bomani alikuwa anakuja na kupotea, lakini mkebe ulionekana vizuri.

"Nikifukuzwa kazi mtanipa shamba," Onyango alisema. "Au mniozeshe mama yenu."

"Shika ngazi, wewe."

Bati la kwanza lilitoa kelele ndefu, na ndani ya kibanda kitu kikajigeuza, kama mtu aliyevutwa blanketi. Liz aling'oa msumari wa nne, wa tano. Chini ya bati kulikuwa na joto la kitanda. Waya wa juu ukalegea, na taa ya kijani ya mlingoti ikawa nyekundu.

Simu yake ililia papo hapo. Alikuwa Benta, muuguzi wa kituo cha afya kando ya ziwa, ng'ambo ya Homa Bay. Benta huyu alikuwa aolewe na Jeff mwezi wa nane.

"Liz, netiwaki imeanguka. Irudisheni."

"Tunatoa paa, Benta. Ni kwa ajili ya Jeff. Nilikueleza."

Nyuma ya Benta mwanamke alikuwa anahema kwa sauti. "Nina mama hapa tangu asubuhi," akasema. "Mtoto amekaa vibaya. Picha imefika nusu kwa daktari. Anaona kichwa, haoni miguu."

"Saa moja tu. Nipe saa moja."

"Sina saa moja, shemeji." Alikuwa analia, lakini maneno aliyatoa moja moja, kama anayesomewa. "Huyu mama hana hata nusu. Mwambie Jeff nimesema mimi. Rudisheni."

Liz alibaki amechuchumaa, nyundo mkononi. Wakati huo Mama Filister akaingia langoni kutoka shambani, jembe begani. Alisimama, akamtazama bintiye juu ya paa.

"Liz. Shuka."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema tuliezue."

"Mimi?" Mama alishangaa kidogo tu, kama mtu aliyepewa salamu isiyo yake. "Niseme muezue nyumba ya kaka yako mkubwa, na yeye yumo ndani amelala?"

"Kaka yangu mkubwa ni Jeff. Huyu hapa. Amesimama karibu na wewe."

Mama akageuka. Aliweka kiganja juu ya macho, akatazama pale Jeff alipokuwa, mbali kabisa, namna mtu anavyotazama kilima kuona ni nani anayekuja. Alitazama kwa muda, kwa bidii, maana alikuwa mama mwenye upendo.

"Naona mkebe," akasema.

"Ma," Jeff akasema. Hakuna kingine kilichofika.

Liz alishuka ngazi. Onyango ndiye aliyepanda akarudisha mabati, na hakufanya mzaha wowote. Jeff alimpa misumari, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkebe ukawa mtupu. Taa ikawa ya kijani. Saa kumi na moja Benta alituma ujumbe: mtoto wa kike, kilo tatu, wote wazima. Hakuuliza kuhusu Jeff, na Liz hakumjibu.

Ni Onyango aliyepata njia, siku ya pili, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jeff, omera, ndugu yangu, sikiza. Jenga upande ule, mkono wa kushoto."

Upande wa kushoto ni wa mwana wa pili.

"Kama yeye amekuwa mkubwa," Onyango aliendelea, akizungumza na mahali shati lilipokuwa, "wewe kuwa mdogo. Mdogo pia ni mtu. Mimi ni wa tano kwetu na mnaniona vizuri, hata mnanichoka."

Shati lilikaa pale mpaka kivuli cha mlingoti kikalifikia na kulipita. Kisha likaenda likachukua jembe.

Walijenga kwa siku tisa, miti na udongo, mabati kumi na mawili. Mvua ikaja tarehe kumi na nane. Mama alipanda mstari wake wa kwanza, akatwaa kikapu cha mbegu akakiweka mbele ya kibanda cha mitambo, akasubiri ameinamisha kichwa. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Kikapu kilikuwa kimepungua konzi mbili. Siku ya sita mahindi yaliota kuzunguka kibanda, umbali sawa shina kwa shina, hakuna hata moja lililopotoka. Mama alisema kijana ana mkono mzuri. Baada ya kibanda, siku ile ile ya mvua, alipanda Jeff, wa pili, na jioni akalala katika nyumba yake ya kushoto.

Asubuhi Mama alimkuta mlangoni akipiga mswaki.

"Jeff. Umekuja lini, baba?"

"Jana," Jeff akasema, na neno lote lilifika.

Baada ya wiki mbili alikuwa kamili hata Migori, na Abdihakim akamrudisha nyuma ya kaunta. Alipokuwa nyumbani hakutoka nje kabla mlango wa kibanda haujafunguka, na akitoka alikisalimu kwanza. Alikula baada yake. Benta alipouliza habari ya mwezi wa nane, Jeff alimweleza kwamba mdogo haoi kabla ya mkubwa, na kwamba mkubwa bado hajaonyesha nia ya kuoa. Benta akasema atangoja kidogo. Hakusema kidogo ni kiasi gani. Kila siku aliendelea kutuma picha zake, na zilifika safi.

Karatasi ya Daktari Nyabuto ilisomwa kwenye mkutano mwezi wa saba, ikasifiwa. Jedwali la nne lilikuwa na mstari unaosema: athari kwa wenyeji, hakuna. Liz aliuomba mstari huo ubadilishwe. Daktari alimuuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote asiyeonekana kwa sasa, na mstari ukabaki. Kamati ya maadili ilikuwa imekutana mwezi wa sita na kuridhia awamu ya pili: vituo kumi na viwili, Migori na Homa Bay. Ili data ilingane, vyote vijengwe kwa mchoro uleule, mahali palepale pa boma, kuume karibu na lango. Liz aliandika tena, akaomba viwekwe nje ya maboma. Aliambiwa nje ya maboma betri huibwa.

Jumatatu ya mwanzo wa awamu hiyo alikuwa Uriri, katika boma safi lenye ua wa michongoma. Mwenye boma alikuwa ameshaweka dole gumba. Upande wa kuume karibu na lango nyasi zilikuwa fupi, hapajajengwa kitu. Kijana mmoja wa hapo, mwenye ndevu chache na fulana ya mpira, alikuja kumsaidia bila kuitwa.

"Mimi naitwa Jeremiah, madam. Nikushikie wapi?"

"Hiyo ncha." Liz alimtazama. "Wewe ni wa ngapi kuzaliwa hapa?"

"Wa kwanza. Kwa nini, umeniletea mchumba?"

"Simba yako iko wapi?"

"Iko kichwani. Imebaki kuteremka." Akacheka, meno yake yote yakaonekana, na Liz akayahesabu bila kukusudia.

"Ijenge wiki hii," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kabla hatujaezeka sisi. Hata ya makuti. Hata ya karatasi, lakini ulale ndani."

"Wiki hii? Madam, hiyo busta yenu ikikuja ndiyo nitapata kazi ya mtandaoni, nijenge ya matofali. Wewe simamisha tu."

Kutoka kwenye gari Onyango aliita kuuliza kama ni hapo hapo. Mama wa boma alikuwa ameshatoka na birika la chai na alimtazama kwa furaha mwanawe akisaidia watu wa chuo.

Liz alifungua tepu. Kijana alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mita kumi na nne, ndani ya nyasi fupi, akaipigilia ncha chini kwa kisigino.

"Hapa?" akauliza.

Sauti yake ilifika vizuri sana. Liz aliandika nambari.